Kisu na Vinasaba: Kuwatambua Nyungunyungu wa Delta ya Rufiji

Ukitoka Kibiti mjini kwenda Nyamisati, ardhi inabadilika mara kadhaa kabla hujafika gatini. Juu kuna mchanga mwepesi wa mikorosho na ufuta. Ukishuka unakutana na udongo mzito wa bondeni, mweusi, unaopasuka kiangazi na kunata masika, na huo ndio unaobeba mpunga. Mbele zaidi maji yanaanza kuwa ya chumvichumvi, mpunga unakoma, na mikandaa na michu inashika matope mpaka baharini. Minyoo wa mchangani na wa matopeni hawawezi kuwa walewale, maana aliyezoea mchanga mkavu hadumu kwenye tope lisilo na hewa, na wa matopeni akipandishwa mchangani hukauka. Hata hivyo wote tunawaita kwa jina moja, nyungunyungu.

Mvuvi anayetafuta chambo cha kambare hahitaji zaidi ya hapo, anachagua aliyenona. Mkulima naye anamjua kwa vijilima vya udongo anavyoviacha usiku juu ya ardhi yenye unyevu. Lakini anayetaka kujua kama mnyoo wa mpunga wa Mbuchi ni yuleyule wa chini ya mkorosho wa Bungu, au kama ni mwenyeji ama mgeni aliyeletwa na udongo wa miche, anaingia kwenye kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Nyungunyungu hana mguu, hana bawa, hana jicho. Rangi yake hufifia akishatiwa kwenye spiriti, na urefu wake unategemea kama alikufa amejinyoosha au amejikunja. Zaidi ya spishi 5,500 zimekwisha kupewa majina duniani, na wengi wao ukiwapanga mezani bila kuwapasua utaishia kuwagawa mafungu matatu au manne tu.

Siku hizi jibu la haraka ni vinasaba: kata kipande, peleka maabara, subiri majibu. Msimamo wangu ni kwamba kwa delta ya Rufiji jibu hilo ni nusu ya kazi, tena ni nusu ya pili. Vinasaba vinaweza kuwatenganisha minyoo ambao jicho limewachanganya, lakini haviwapi majina. Majina yamefungwa kwenye miili, na miili mingi ya minyoo wa pwani yetu iliyopewa majina imehifadhiwa Ujerumani tangu mwisho wa karne ya 19. Anayeanza na mashine kabla ya kisu atarudi na orodha ya namba, na namba hizo hazitamwambia kama mnyoo wake alishaelezwa na mtu mwingine zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kwanza tuone kwa nini jina lina uzito. Spishi moja inaweza kuutengeneza udongo na nyingine, ya ukubwa uleule, ikauharibu. Mwaka 1999 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Chauvel na wenzake uliofanyika karibu na Manaus, Brazili. Msitu ulipofyekwa na kugeuzwa malisho, minyoo wengi wa asili walitoweka na nafasi yao ikachukuliwa na spishi moja, Pontoscolex corethrurus. Kinyesi chake laini kilishikana juu ya ardhi mpaka maji ya mvua yakashindwa kupenya. Miaka miwili kabla ya hapo, huko Ufilipino, watafiti wa mpunga walimtaja mnyoo wa jenasi ya Dichogaster kuwa mharibifu wa mashamba ya ngazi ya milimani. Pontoscolex, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, leo ameenea katika nchi nyingi za joto. Dichogaster nayo ni jenasi yenye spishi nyingi hapa Afrika. Bwana shamba anayemwambia mkulima kwamba nyungunyungu ni rafiki wa shamba anasema kweli kwa sehemu kubwa, ila ushauri wake utakuwa na nguvu zaidi akijua ni nyungunyungu yupi.

Sasa tuje kwenye mwili. Mnyoo anayefaa kupasuliwa ni aliyekomaa, na dalili yake ni mkanda mnene, aghalabu wa rangi tofauti, kwenye sehemu ya mbele ya mwili. Mkanda huo ndio unaotengeneza kifuko cha mayai. Asiye nao bado ni mtoto, na kwa kisu mtoto hatambuliki hadi kufikia spishi. Hesabu inaanzia mdomoni, pingili moja baada ya nyingine, kwa kuwa mahali kilipo kiungo ndipo penye habari. Minyoo wa jenasi ya Amynthas, wenye asili ya Asia, wana mkanda uliozunguka mwili mzima kwenye pingili za 14 hadi 16, na vinywele vyao vigumu vimepangwa duara kwenye kila pingili. Pontoscolex ana mkanda unaoanza pingili ya 14 au 15 na kuishia ya 21 au 22, umekaa mgongoni na mbavuni bila kufunika tumbo. Vinywele vya mkiani mwake vimepangwa kwa kupishana pingili hata pingili. Ukimvuta kinyumenyume vidoleni unasikia mkwaruzo kabla hujahitaji hadubini. Eudrilus eugeniae, mnyoo mkubwa mwenye mng'ao wa zambarau ambaye wafugaji wa minyoo humpenda kwa mboji na chakula cha kuku, ana mkanda unaoishia pingili ya 18. Asili yake ni Afrika Magharibi, lakini jina alipewa mwaka 1867 na Kinberg, kwa kielelezo kilichotoka kisiwa cha St Helena, na jina hilo linaikumbuka Eugenie, manowari ya Sweden iliyombeba Kinberg kuzunguka dunia.

Kwa nje unafika mpaka hapo, na wakati mwingine inatosha. Mara nyingi haitoshi. Mnyoo aliyekufa analazwa kwenye sinia lenye nta, tumbo chini, kisha anafunikwa kwa maji au spiriti ili viungo vielee na kuachana. Mkasi mdogo unapita mgongoni, kandokando ya mstari wa katikati ili mshipa mkuu wa damu usikatwe. Ngozi inafunguliwa pande mbili na kubanwa kwa pini, na anayejua kazi huweka pini kila baada ya pingili tano ili hesabu isimpotee. Kuta nyembamba zinazotenganisha pingili zinakatwa kwa ncha ya wembe. Hapo inaonekana firigisi, yenye misuli na rangi ya lulu, inayosaga mchanga pamoja na majani yaliyooza. Pontoscolex ana moja, katika pingili ya 6, na nyuma yake kuna jozi tatu za tezi za chokaa, pingili za 7 hadi 9. Dichogaster ana firigisi mbili, na tezi zake za chokaa ziko nyuma sana, pingili za 15, 16 na 17. Kwa alama hizo mbili tu umekwisha kutenganisha familia mbili ambazo kwa nje zingekusumbua mchana kutwa.

Ila utajiri wenyewe uko kwenye viungo vya uzazi. Nyungunyungu ana vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, lakini kwa kawaida hupandana na mwenzake, na manii aliyopewa huyaweka kwenye vifuko maalumu mpaka siku ya kutaga. Idadi ya vifuko hivyo, pingili vinapofungukia, na umbo la vijifuko vidogo vinavyoning'inia pembeni mwake, ndivyo vinavyotenganisha spishi. Katika familia ya Eudrilidae, ambayo kiasili haipatikani popote isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara, vifuko hivyo vimeungana na njia ya mayai, na yai hurutubishwa ndani ya mwili badala ya nje kama kwa nyungunyungu wengine. Kwa jenasi ya Polytoreutus, wenyeji wa Afrika Mashariki, mfumo huo umetanuka ukatoa matawi na vifuko vya ziada. Mtu anaweza kuchora umbo lake kwa penseli na kwa mchoro huo peke yake akaamua kama ana spishi moja au mbili mezani. Sioni kazi nyingine katika elimu ya wanyama ambamo kiasi kikubwa namna hiyo cha maarifa kimefichwa chini ya ngozi isiyoonyesha lolote.

Jina hilo la Polytoreutus linatupeleka kwa watu wawili ambao mtafiti wa Rufiji hawezi kuwakwepa. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuja baadaye kuongoza kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alifika Zanzibar mwaka 1888, akakusanya wanyama kisiwani na kwenye bara inayokabiliana nacho, kisha akashuka hadi Quelimane, mlangoni mwa Zambezi. Chupa zake za minyoo zilipokelewa Hamburg na Wilhelm Michaelsen, mtu aliyetumia maisha yake yote kwa nyungunyungu na ndugu zao. Mwaka 1890 Michaelsen alianzisha jenasi za Polytoreutus, Eudriloides na Stuhlmannia. Hii ya mwisho aliipa jina la mkusanyaji wake. Dichogaster affinis, ambaye leo amesambaa katika nchi za joto, naye alielezwa mwaka huohuo kwa minyoo wa Quelimane. Upande wa Uingereza, Frank Beddard alieleza mwaka 1894 minyoo kutoka maeneo ya Mombasa, akiwemo Alluroides, mnyoo wa kinamasi. Mwaka 1900 Michaelsen alikusanya nyungunyungu na ndugu zao wote waliojulikana duniani katika kitabu kimoja kikubwa. Karne ya 20 ilipoelekea ukingoni, Wahungari András Zicsi na Csaba Csuzdi waliendeleza kazi ya Afrika kwa kisu kilekile.

Ukitazama ramani unaona Zanzibar na bara yake kaskazini, Quelimane kusini, na delta ya Rufiji katikati. Kwa hiyo ni jambo la kutarajiwa kwamba mchimbaji wa Kibiti atakutana na jenasi zilezile za Michaelsen. Hilo ni faida, kwa vile maandishi na michoro ipo. Ni tatizo vilevile, kwa vile maandishi yenyewe ni ya Kijerumani cha karne ya 19, na kielelezo cha mwisho cha kuamua ni mnyoo aliye chupani Hamburg au Berlin. Jengo la makumbusho ya Hamburg liliteketea kwa mabomu mwaka 1943. Bahati nzuri, mikusanyo ya spiriti ilikuwa imehamishiwa mahali salama, na sehemu kubwa ikapona.

Kisu kina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni hao watoto. Chimba shimo lolote na wengi wa utakaowapata hawana mkanda. Mpaka wa pili hausemwi sana: minyoo wengi wasafiri, wale walioenea dunia nzima, huzaa bila kupandana. Asiyepandana hana haja ya vifuko vya manii wala tezi za kiume, na kizazi hata kizazi viungo hivyo hudhoofika, hupungua au hutoweka kabisa. Sasa fikiria mfumo mzima wa utambuzi umejengwa juu ya viungo ambavyo baadhi ya minyoo wameviacha. Mmarekani G. E. Gates alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi wataalamu walivyokuwa wakiwapa majina mapya minyoo wa spishi ileile kwa sababu tu mmoja alikuwa na vifuko vyote, mwingine nusu, na wa tatu hana hata kimoja. Mpaka wa tatu ni kinyume cha huo: minyoo wanaofanana kila kiungo, kumbe ni spishi mbalimbali. Hapa kisu kinanyamaza.

Hapa ndipo vinasaba vinapoingia. Kipande cha ngozi chenye ukubwa wa punje ya mchele kinakatwa mkiani, kwa uangalifu kisiguse utumbo, kwa maana utumbo wa nyungunyungu umejaa udongo, bakteria na mabaki ya viumbe wengine ambao vinasaba vyao vitavuruga majibu. Maabara inayeyusha tishu, inazidisha sehemu moja ya jeni ya COI iliyoko kwenye mitokondria, na kuisoma: herufi 658, zinazolinganishwa na za minyoo wengine. Njia hii ilipigiwa debe mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa chuo kikuu cha Guelph, Kanada, na imeenea kwa wanyama karibu wote. Kwa nyungunyungu, Chang na James walipitia matokeo yaliyokuwepo mwaka 2011 wakatoa kipimo cha kufanyia kazi: tofauti chini ya asilimia 9, kwa kawaida ni spishi moja, juu ya asilimia 15, ni mbili, katikati ni mahali pa mashaka panapodai ushahidi mwingine. Hizo ni tofauti kubwa. Kwa ndege wengi, asilimia 3 tu inatosha kutiliwa shaka.

Mfano uliowashtua wengi ni wa mnyoo anayefahamika kuliko wote Ulaya, Lumbricus terrestris, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Mwaka 2010 Samuel James na wenzake walionyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na spishi mbili, zinazotofautiana kwa karibu asilimia 20 ya jeni ya COI, na tofauti pekee ya mwili iliyoonekana wazi ni ukubwa. Yule mdogo alirudishiwa jina la zamani lililokuwa limetupwa, Lumbricus herculeus, la mwaka 1826. Kisa cha Eisenia kina uzito zaidi kwa maisha ya kila siku. Minyoo wa mboji Eisenia fetida na Eisenia andrei hutumika kimataifa kupima sumu ya viuatilifu kabla havijaruhusiwa kuuzwa. Mwaka 2016 Römbke na wenzake walichunguza vinasaba vya minyoo kutoka maabara 28 za vipimo hivyo, na katika baadhi yake jina lililoandikwa halikulingana na mnyoo aliyekuwepo. Dawa za kunyunyizia mikorosho yetu hupitia vipimo vya aina hiyo. Mnyoo aliyekosewa jina, basi, anaweza kumgusa hata mkulima wa Bungu asiyejua kwamba maabara hizo zipo.

Kisa ambacho ningependa kila anayeanza kazi Rufiji akisome ni cha yuleyule Pontoscolex corethrurus. Taheri na wenzake walikusanya karibu minyoo 800 kutoka nchi 25, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba ndani ya jina hilo kuna nasaba nne ambazo kwa mwili hazitofautishwi. Vinasaba vilikuwa vimefanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini swali likabaki palepale: kati ya nne hizo, ipi ndiyo corethrurus halisi? Fritz Müller alimweleza mnyoo huyo mwaka 1857 huko Santa Catarina, kusini mwa Brazili, na vielelezo vyake havipo tena. Jibu halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwenye jembe: watafiti walikwenda Blumenau, kwenye bustani ya nyumba ya Müller mwenyewe, wakachimba, wakapata mnyoo, wakampasua, wakamsoma vinasaba, na mwaka 2019 wakamtangaza kuwa kielelezo kipya cha jina hilo. Tangu hapo jina lina mwili, na mwili una vinasaba.

Hilo ndilo linalokosekana pwani yetu. Namba ya vinasaba isiyo na kielelezo ni kama namba ya gari isiyo na kadi: unajua gari hili si lile, hujui la nani. Kabla ya kutangaza kwamba Kibiti kuna Polytoreutus mpya, mtu atalazimika kurudi Zanzibar na bara yake, mahali alipochimba Stuhlmann, apate minyoo wabichi wanaolingana na maelezo ya Michaelsen, awasome vinasaba, kisha ndipo awalinganishe na wa Rufiji. Kusoma vinasaba vya minyoo walioko chupani Hamburg kunawezekana kwa baadhi, lakini vinasaba vyao vimekatikakatika, na waliopitia fomalini ni wagumu zaidi. Safari ya boti na basi ni rahisi kuliko hiyo.

Pana hatari nyingine ambayo delta inaikuza. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, na nyungunyungu haendi mbali kwa mwendo wake mwenyewe. Minyoo waliotenganishwa muda mrefu wanaweza kutofautiana sana kwa COI huku bado ni spishi moja. Rufiji ina kila kitu cha kuwachanganya watafiti: mikono ya mto yenye chumvi inayokata visiwa vya udongo, na mafuriko yanayobeba vifuko vya mayai kutoka juu na kuvitawanya bondeni. Chumvi inatenga, mafuriko yanachanganya. Kwa sababu hiyo mtafiti hapaswi kutegemea jeni moja. Jeni za kwenye kiini cha seli, kama 28S, zinazorithiwa kwa wazazi wote wawili pale wanapopandana, ziwe za pili, na umbo la vifuko vya manii liwe la tatu. Mashahidi watatu wakikubaliana, jina linasimama.

Nadhani delta ina makundi mawili yatakayowapa watafiti kazi ya thamani kuliko mengine. La kwanza ni Alma, mnyoo wa kinamasi wa Afrika. Anaishi kwenye tope lisilo na hewa kwa hila ya ajabu: huinua mkia juu ya maji, ngozi ya mgongo wa mkia iliyojaa mishipa ya damu inajikunja ikawa mfereji, na hapo anavuta hewa. L. C. Beadle wa Makerere alichapisha uchunguzi wa upumuaji huo mwaka 1957 kwa Alma emini wa vinamasi vya Uganda, na mwaka 1959 Mkenya David Wasawo, akishirikiana na Visser, aliandika juu ya minyoo wa vinamasi na vijilima vya nyasi vya Teso. Alma hatambuliwi kama wengine. Dume na jike ni mmoja, lakini mbele ya mkanda wake huota viganja viwili virefu vya kushikia mwenzake wakati wa kupandana, na umbo la viganja hivyo ndilo linalotenganisha spishi. Asiyekomaa hana viganja. Kwenye mabonde ya mpunga na kingo za maziwa ya Ruwe na Zumbi, ambako tope na maji ya baridi hukutana, mtafuta Alma atakuwa anachimba mahali panapofaa, na ajiandae kupata watoto wengi watakaohitaji vinasaba ili waunganishwe na wazazi wao.

La pili ni Pontodrilus, nyungunyungu wa pwani anayestahimili chumvi, anayekaa chini ya takataka za bahari na kwenye matope ya mikoko. Pontodrilus litoralis alielezwa mwaka 1855 kutoka pwani ya kusini ya Ufaransa, na anajulikana kwenye fukwe nyingi za nchi za joto. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba popote ulipo, wa pwani ni huyohuyo. Mwaka 2018 Teerapong Seesamut na wenzake wa Thailand walieleza spishi mpya kutoka rasi ya Thailand na Malesia, Pontodrilus longissimus, mrefu zaidi, anayeishi kwenye matope ya pwani hizohizo. Walitumia mwili na vinasaba kwa pamoja. Mwaka 2021 wakaongeza alama ambayo hakuna kisu kilichoiona: litoralis akibughudhiwa hutoa ute unaong'aa gizani, longissimus hang'ai. Matope ya Salale na Kiongoroni, chini ya michu na mikandaa, yanastahili kuchimbwa kwa swali hilo, na jaribio la kwanza halihitaji zaidi ya kiza na mkono.

Muda wenyewe hausubiri. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na bwawa lolote la ukubwa ule hushika tope ambalo zamani lilishuka mpaka delta na kubadilisha majira ya maji. Kilimo cha mlau, kinachofuata maji yanapopungua bondeni, kimejengwa juu ya tope hilo, na minyoo wanaoligeuza ni sehemu ya kilimo hicho. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Tusipowajua minyoo waliopo sasa, miaka 20 ijayo hakuna atakayeweza kusema nani ametoweka na nani ameingia. Ramani ya dunia ya nyungunyungu iliyochapishwa na Helen Phillips na wenzake mwaka 2019 kwenye jarida la Science ilitokana na maeneo 6,928 katika nchi 57, na nchi za joto zilikuwa na vituo vichache mno.

Njia ya kuchimba ipo, tena imekulia kwetu. Programu ya TSBF ya Nairobi, ya baiolojia na rutuba ya udongo wa nchi za joto, ilieneza kipimo cha mchemraba wa udongo wa sentimita 25 kwa 25, kina 30, unaochambuliwa kwa mkono kwenye turubai, na kimetumika Afrika nzima. Kwa Kibiti ningepanga mistari kutoka mikorosho ya juu, kupita mpunga, hadi mikoko, na ningechimba masika, kwani ndipo minyoo waliokomaa wanapopatikana kwa wingi karibu na uso wa ardhi. Mchimbaji akija na fomalini, kama vitabu vingi vya zamani vinavyoelekeza, atapata miili mizuri ya kupasua ila vinasaba ameviharibu. Akimtumbukiza mnyoo hai moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 96, vinasaba vitapona lakini mwili utakakamaa na kujikunja hata kisu kisifae. Lililo sawa ni kumlaza kwanza kwenye spiriti hafifu mpaka atulie na kunyooka, kukata kipande cha mkia na kukitia kwenye ethanoli kali, kisha kuuhifadhi mwili uliobaki peke yake. Chupa zote mbili zipewe namba moja.

Kuhusu mashine, mambo yamebadilika. Mwaka 2017 Michele Menegon na wenzake walichapisha jaribio la kusoma vinasaba vya wanyama ndani ya msitu wa Tanzania kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachochomekwa kwenye kompyuta. Sampuli si lazima zivuke bahari tena ili zisomwe. Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza isiende kwenye mashine. Iende kwenye spiriti, sinia za nta, hadubini za kupasulia, na kwenye kumfundisha kijana wa chuo kikuu cha Dar es Salaam au cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kuhesabu pingili mpaka mkono uzoee. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kibali cha utafiti kinatolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na Tanzania imejiunga na Itifaki ya Nagoya inayosimamia haki za nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Masharti ya kibali yatamke wazi kwamba kielelezo cha jina lolote jipya litakalotoka Rufiji kibaki nchini, na nakala ndizo ziende Hamburg kulinganishwa na chupa za Stuhlmann.